Pepeo za Bwana Lanier

Sherifu Burl Stroud aliingia ofisi ya gazeti la Mjumbe bila kuvua kofia. Hakuwahi kuvua kofia mbele ya mwanamke mweusi, na Bi Euzelia Gaither, mwenye gazeti na mhariri wake, hakuwahi kuinuka kumpa heshima mwanaume aliyevaa kofia ndani ya nyumba. Basi wakabaki hivyo, mmoja kasimama, mwingine kaketi, kila mmoja akimwona mwenzake hana adabu.

"Shangazi," Sherifu akasema, "nasikia umechapa mambo ya shule."

Ndivyo Wazungu wa kule walivyomwita mwanamke mweusi ili wasimwite Bibi. Bi Euzelia alikuwa na wapwa wa kutosha, na hakuna hata mmoja aliyefanana na Burl Stroud.

"Nachapa habari, Sherifu. Shule ikiwa habari, nayo naichapa."

"Basi kuanzia leo huna gazeti. Halichapwi, haliuzwi, halisomwi, si njiani, si kwa kinyozi. Nitakayemkuta nalo atalala ndani."

"Kwa sheria ipi?"

Sherifu aligeukia mlango. Alimwita msaidizi wake, wakabeba nakala zote za wiki ile, wino wake haujakauka vizuri, wakazichoma uani karibu na kamba ya nguo. Bi Euzelia alisimama dirishani akatazama kazi yake ya wiki nzima ikigeuka moshi. Alikuwa na hasira hata meno yakamuuma. Sherifu alirudi mlangoni akijipangusa mikono, tena kwa furaha, kama mtu aliyekuja kusaidia.

"Mimi si mtu mbaya," akasema. "Kadi za harusi chapa. Mambo ya mazishi chapa. Watu wako wanapenda sana mazishi."

Akacheka peke yake, akaondoka.

Hayo yalikuwa Tolliver, Alabama, mwezi wa Agosti mwaka 1936, na jambo lililomleta Sherifu lilikuwa hili. Kaunti nzima ilikuwa na sekondari moja tu ya watoto weusi. Wazazi waliijenga kwa mikono yao, wakauza kuku wa kukaanga na samaki kila Jumamosi mpaka nusu ya gharama ikapatikana. Nusu nyingine ilitoka kwa mfuko wa hisani wa majimbo ya Kaskazini, na mfuko huo uliweka sharti: jengo lisifungwe kamwe ila wazazi wameitwa hadharani wakaulizwa. Sasa bodi ya shule, ambayo ilikuwa ya Wazungu peke yao, wenye mashamba, ilitaka kuligeuza jengo kuwa ghala la pamba na kuwarudisha watoto shambani. Ili kutimiza sharti, bodi ilitoa tangazo. Ililitoa kwenye gazeti la Wazungu, ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo kama mbegu za ufuta, kati ya nyumbu wa mkokoteni aliyepotea na mtu anayeuza birika la kufulia. Mkutano ni Jumatatu saa nne asubuhi, mahakamani. Mzazi asiyefika atahesabiwa amekubali.

Bi Euzelia alikuwa na mazoea ya kulisoma gazeti la Wazungu kuanzia jina mpaka bei. Marehemu mume wake, aliyeanzisha Mjumbe, ndiye aliyemfundisha. Alikuwa akisema hao wanaandika mambo yetu pale wanapodhani hatufiki. Alipofika kwenye yule nyumbu aliyepotea, akaliona.

Mtu wa mbali anaweza kuuliza kwa nini habari isipelekwe kwa mdomo. Huyo hawajui watu wa Tolliver. Weusi wa kaunti ile walitawanyika mashambani maili nyingi, na habari ikitoka mjini Jumatatu hufika kwa watu wa mabondeni ikiwa Jumatano, na neno mahakama limeshageuka kuwa kinu cha pamba. Tena wale watu walikuwa wamedanganywa na wenye mashamba mara nyingi mno, hata hawakuamini neno linalopita tu. Ukiwaambia jambo, swali lao lilikuwa moja: "Mjumbe imesema?" Nakala moja ilisomwa kwa kinyozi kwa sauti, ikaenda kwa fundi viatu, ikaenda shamba, ikasomewa bibi kizee kitandani, na mwisho ikabandikwa ukutani kuzuia upepo, ikaendelea kusomwa. Mjumbe ikisema, watu walivaa viatu. Mjumbe isiposema, walikaa.

Na mchungaji je? Mchungaji Battle wa kanisa la Mlima Nebo alikuwa jasiri, lakini Sherifu alishamtumia salamu kwamba Jumapili atakuja mwenyewe kusali.

Ijumaa asubuhi Bi Euzelia alikuwa akizunguka chumba cha mtambo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Goti lake likagonga boksi. Akalitukana lile boksi, kisha akalitazama.

Zilikuwa pepeo za kanisani za Bwana Lanier. Kila Agosti Bwana Cicero Lanier, mwenye nyumba ya mazishi, aliagiza pepeo za karatasi ngumu zenye mpini wa kijiti, upande mmoja picha nzuri, upande wa pili mtupu, na Bi Euzelia akamchapia tangazo lake kwenye ule upande mtupu. Kisha Bwana Lanier akazigawa bure kwenye makanisa yote ya weusi, maana hakuna kanisa la Alabama linaloweza kumaliza mahubiri ya Agosti bila upepeo, na kila anayejipepea analiona jina la mtu atakayemzika.

Tatizo ni kwamba Bwana Lanier alikuwa hasemi naye tangu masika. Mjumbe iliandika kwamba gari lake jipya la maiti lilikwama kwenye tope na shemasi ndani, likavutwa na nyumbu. Ilikuwa kweli tupu, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Alimkuta barazani, tumbo mbele, mnyororo wa saa juu ya tumbo.

"Umekuja kuniomba radhi," Bwana Lanier akasema.

"Habari ilikuwa ya kweli, Kaka Lanier."

"Uliandika mpaka majina ya nyumbu, Dada Euzelia."

"Wasomaji walitaka kujua."

"Wasomaji. Nikipita kwa kinyozi mpaka leo wananiuliza hali ya Betsy."

Bi Euzelia akaketi bila kukaribishwa, akamweleza yote: shule, tangazo, moto uani, Jumatatu. Kisha akamweleza kuhusu pepeo. Bwana Lanier aliacha kutikisa kiti chake.

"Kibali changu cha kuzika kinatoka kaunti. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Stroud akigundua, kesho yake watu hawa watazikwa na Mzungu, wapitishwe mlango wa nyuma."

"Nalo nalijua, kaka."

"Sasa nikubali kwa sababu gani?"

"Sijui. Nimekuja kwa sababu pepeo ni zako. Nikizichapa bila wewe kujua nitakuwa mwizi, na mimi ni mambo mengi lakini mwizi siye."

Bwana Lanier akatazama barabara. Alipoanza kusema sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mwaka jana nilimzika mama mmoja wa kule mabondeni. Kiwanda kikanitumia kibao cha jeneza chenye jina la mtu mwingine. Sikuwa nimekiona bado. Nikawaita watoto wake wakitazame, watu wazima wote, wana ndevu. Wakakitazama kwa heshima, wakapokezana, wakasema sawasawa, Bwana Lanier, ndiye mama. Nilikuja kukisoma mwenyewe kaburini, udongo umeshaanza." Akafuta uso. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kupelekwa shule. Sitaki kuliona lile tena."

Akaanza kutikisa kiti chake tena.

"Chapa," Bwana Lanier akasema. "Ila jina langu liwe kubwa kuliko hiyo habari yako."

"Kaka, hii ni habari ya shule."

"Na hizi ni pepeo zangu."

Walivutana mpaka chai yenye barafu ikawa maji. Mwisho wakakubaliana jina lake liwe juu, kwa herufi nene, na picha ya gari bila tope, na sehemu yote iliyobaki iwe ya Mjumbe.

Bi Euzelia alichapa mchana kweupe, mlango wazi. Kwa nini ajifiche? Sherifu mwenyewe alisema mambo ya mazishi ruhusa. Msaidizi wa Sherifu alipita mara kadhaa, akachungulia, akaona gari la maiti likirudiwarudiwa juu ya karatasi, akaenda zake akijikuna shingo. Wazungu wa Tolliver hawakupenda kutazama matangazo ya mazishi ya watu weusi zaidi ya mara moja. Chini ya lile gari maneno yalisema hivi: *Wazazi, wanataka kuifunga shule yetu. Njooni Jumatatu saa nne asubuhi, mahakamani. Asiyekuja atahesabiwa amekubali. Soma, kisha msomee jirani. Ni Mjumbe inayosema.*

Jumamosi jioni Bwana Lanier alizipakia pepeo kwenye gari lake la maiti, akavaa suti nyeusi, akazungukia kaunti nzima kanisa kwa kanisa. Aliporudi alipitia kwa Bi Euzelia makusudi kumweleza kwamba pale njia panda, wasaidizi wa Sherifu waliokuwa wakisimamisha kila gari la mtu mweusi kutafuta magazeti walilionea haya gari la maiti, wakasogea kando, wakavua kofia wakaziweka vifuani.

"Mpaka nikapita," akasema. "Nami nikawapungia mkono kwa huzuni."

Bi Euzelia alicheka mpaka akashika meza. Ugomvi wa nyumbu uliishia hapo.

Jumapili joto lilikuwa limelalia mji toka alfajiri. Kanisa la Mlima Nebo lilijaa, na kila mkono ulikuwa na upepeo. Ungewaona watu: wanaketi, wanatazama picha ya mbele, msichana na kondoo kando ya mto, wanaugeuza kwa mazoea kuona Lanier ameweka nini mwaka huu, wanaacha kujipepea, wanasoma tena, wanamgusa jirani kiwiko. Asiyejua kusoma alinong'onezwa. Hakuna aliyepaza sauti. Pepeo zikaanza upya, kwa kasi kuliko mwanzo.

Sherifu Stroud akaingia, akaketi benchi la nyuma kabisa, akamtazama kila mtu mikononi akitafuta gazeti. Jasho lilimtiririka mpaka ndani ya kola.

Hapo likatokea lile kosa. Bi Euzelia alikuwa amemwonya mchungaji, mashemasi na wazee wa kanisa. Aliwasahau wahudumu wa mlangoni, akina mama wa glavu nyeupe, na mkuu wao alikuwa Dada Pinkie Dubose. Na Dada Pinkie alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko amri kumi: mgeni hakosi upepeo. Aliona mgeni anatoka jasho. Mkono wake ukamaliza kazi kabla kichwa hakijaanza. Alipoutambua uso wa aliyempa, glavu ilikuwa tupu.

Bi Euzelia aligeuka na kumwona Sherifu ameshika upepeo. Aliona shule imekwenda, Lanier amekwenda, Mjumbe imekwenda, na kwamba ni yeye aliyewaponza wote.

Sherifu alimtazama yule msichana na kondoo. Akampenda. Akauelekeza upande ule usoni mwake, akaanza kujipepea.

Sasa, benchi la nyuma la kanisa linatazamana moja kwa moja na kwaya. Wanakwaya wote wakamwona Sherifu wa kaunti, beji kifuani, akiwapungia tangazo lililosema wazazi njooni mahakamani. Mwimbaji wa sauti ya kwanza akapoteza noti. Wa pili akaficha uso nyuma ya kitabu cha nyimbo. Mabega yakaanza kutetemeka, safu nzima, na besi mmoja mzee akatoa mlio ambao haumo kwenye wimbo wowote. Mchungaji Battle aliona mahali wanapotazama. Alikuwa mtu mwepesi.

"Waacheni," akanguruma, "waacheni, furaha imewashukia. Kanisa, simameni tuwasaidie."

Kanisa likasimama likaimba kwa nguvu zote, watu wakilia machozi ya kicheko na kupiga makofi, na Sherifu, ambaye hakupenda kuonekana mkaidi mbele ya neno la Mungu, akawa anafuata mapigo kwa ule upepeo, juu, chini, juu, chini.

Ibada ilipokwisha, Dada Pinkie alikuwa tayari mlangoni, mkono wa glavu mbele.

"Pepeo tunazikusanya, bwana. Ni za kanisa."

Sherifu akamrudishia.

"Watu wako wana furaha sana," akasema.

"Leo imezidi, bwana," Dada Pinkie akasema, akaubana upepeo kwapani.

Jumatatu mwenyekiti wa bodi, Whitfield Crain, mwenye mashamba mengi kuliko wote, alipanda ngazi za mahakama akiwa na wakili wa ule mfuko wa hisani, bwana mmoja mkimya aliyeshuka na treni ya asubuhi kuja kushuhudia na kusaini. Crain alikuwa amemwahidi chakula cha mchana, maana shughuli ni ya dakika chache. Akafungua mlango wa ukumbi, akasimama.

Walikuwa wamejaa. Walikuwa kwenye viti, ukutani, madirishani, kwenye ngazi za nyuma, na wengine nje kwenye majani na mikokoteni yao, akina mama wenye kofia za kanisani na wanaume waliovaa mashati yao ya kuzikia. Watu wa mabondeni walikuwepo, na walifika mapema kuliko wa mjini.

Crain akapaza sauti.

"Nani aliwaambia kuna mkutano?"

"Tulisoma, bwana," sauti ikajibu.

"Mlisoma wapi?"

"Kanisani."

Crain akamgeukia Sherifu aliyekuwa mlangoni.

"Burl, hukuwa kanisani jana?"

"Nilikuwepo. Hakukuwa na gazeti hata moja. Niliangalia kila mkono."

Kutoka pande zote kukasikika watu wakikohoa, kikohozi cha ajabu, kinachoambukiza. Wakili wa mfuko akatoa kalamu.

"Tuendelee," akasema. "Nani anapinga?"

Dada Pinkie Dubose ndiye aliyesimama kwanza. Alikuwa amekuja na glavu zake.

"Naitwa Bibi Pinkie Dubose. Nina watoto kwenye shule hiyo. Napinga."

"Pinkie tu inatosha," Crain akasema.

"Ameshasema jina lake," wakili akasema bila kuinua kichwa. "Bibi Dubose. Anayefuata."

Wakasimama mmoja baada ya mwingine. Bibi fulani, napinga. Bwana fulani, napinga. Wengine walitetemeka, maana mwenye shamba lao alikuwa ameketi pale mbele akiwatazama, na walilisema hivyo hivyo kwa kutetemeka. Wale ndugu wenye ndevu wa kule mabondeni nao walikuja, wakasimama pamoja na watoto wao. Mstari ulishuka ngazi ukafika majanini. Chakula cha mchana kilipita. Bi Euzelia aliandika kila jina kwa kalamu ya risasi, machozi yakimdondokea, wala hakuyafuta kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi.

Jua lilipoanza kuinama wakili akafunga mkoba wake, akamwambia Crain kwamba shule itabaki shule, na kwamba bodi ikitaka ghala la pamba ijenge. Watu hawakushangilia mle ndani. Walitoka taratibu, kwa heshima, mpaka wakavuka barabara. Hapo ndipo kelele zilipoanza, na zilisikika mpaka kwenye kinu cha pamba.

Mjumbe ilitoka Alhamisi kama kawaida yake. Bi Euzelia hakuomba ruhusa kwa mtu. Ukurasa wa mbele ulikuwa na majina yote ya waliopinga, kila mmoja na Bwana wake na Bibi wake, na katikati kulikuwa na habari ndefu yenye kichwa kilichosema *Sherifu Asaidia Kutangaza Mkutano*. Treni ya asubuhi iliibeba kwenda Kaskazini, na kabla ya mwisho wa wiki magazeti makubwa ya weusi kule yalikuwa yameinakili neno kwa neno, pamoja na lile benchi la nyuma na yule msichana na kondoo. Tolliver kwenyewe nakala ziliisha. Wake za Wazungu waliwatuma wapishi wao kimyakimya, na wapishi wakajinunulia na za kwao.

Sherifu alikuja Jumatatu iliyofuata. Alikuwa peke yake. Alizunguka kidogo, akashika herufi za risasi akazirudisha, akatazama mtambo uliokuwa ukinguruma.

"Uchaguzi ni Novemba," akasema.

"Najua. Tutaandika."

"Watu wananicheka. Kinyozi wangu mwenyewe, Mzungu mwenzangu, ananiuliza kama nahisi joto." Akasogea karibu na meza. "Unaweza kuandika kwamba ile ya upepeo haikuwa hivyo?"

"Ilikuwa hivyo, Sherifu. Kwaya nzima ilikuona."

"Naweza kuja tena na kiberiti."

Aliisema, lakini haikutoka vizuri, na wote wawili waliisikia. Bi Euzelia alimtazama akagundua kwamba hamwogopi, na kwamba huenda hatamwogopa tena. Alijisikia mwepesi mpaka akashangaa.

"Unaweza," akasema. "Na hiyo nayo itakuwa habari, na Kaskazini sasa wanaisubiri kila Alhamisi. Lakini nitakwambia neno, maana gazeti hili ni la haki kwa kila mtu. Ukiona tumekuonea, chukua karatasi, eleza upande wako, utie sahihi. Barua kwa mhariri tunapokea mpaka Jumanne saa sita."

Sherifu alisimama pale akitafuta kama anafanyiwa mzaha. Hakuupata. Bi Euzelia alishageukia mtambo, maana toleo lilikuwa nusu tu.

Jumanne, saa sita haijafika, barua ya Sherifu ikaletwa, imetiwa sahihi. Bi Euzelia aliichapa yote, ukurasa wa tatu, hakugusa hata nukta.